Poda Chini ya Kitanda

Védaste alisema ameshiba, na Pascasie akajua ni uongo. Mwanaume aliyeshinda barazani tangu asubuhi akiwaangalia wapita njia wa mtaa wa Katoyi, hiyo shibe ameitoa wapi? Mbele yake palikuwa na bugari, ule ugali wa muhogo, na maharagwe ya mafuta, chakula ambacho miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kukibakiza. Akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, polepole.

"Nilikula kwa batu," akasema.

"Batu gani?"

"Batu tu, Mama Éphraïm. Juu ya nini unaniuliza sawa polisi?"

Kisha, alipodhani mkewe amegeuka, akatoa ndizi mfukoni mwa koti, akaimenya na kuila yote kwa haraka. Pascasie aliiona ile ndizi. Alikuwa ameona nyingine kabla yake, na mayai ambayo Védaste alijichemshia mwenyewe, na chupa ya maji ya dukani, wakati mtungi wa nyumbani umejaa hadi mdomoni. Vyote hivyo ni vitu vyenye ganda au kifuniko. Alipokwisha kuvipanga kichwani, akaelewa, maana hakuna mwanamke wa Goma asiyejua maana yake mume akianza kuchagua vyakula vyenye ganda, visivyoweza kutiwa kitu.

Pembeni, Mukamugema, mama mkwe, alikuwa anakula viazi alivyovipika katika sufuria yake ndogo. Yeye alikuwa na sababu, au ndivyo alivyosema: tangu akimbie vita kule Masisi tumbo lilikuwa linamsumbua, basi alipenda ajipikie kitu laini. Pascasie aliliamini hilo, akamshukuru hata Mungu kwa kupunguziwa kazi. Usiku ule akaitazama ile sufuria kwa jicho jingine.

"Mama, nikuongezee maharagwe kidogo?"

"Acha," Mukamugema akasema, haraka mno, na akaifunika sahani yake kwa kiganja.

Pascasie akavikusanya vyombo. Jikoni alikaa juu ya kigoda akala peke yake.

*

Tuseme ukweli: nyumba hiyo ilikuwa inalishwa na kuku. Védaste zamani aliwafanyia wafanyabiashara karatasi za forodha kule mpakani Bunagana, na mambo ya Bunagana yalipogeuka alirudi nyumbani na viatu vyake vya kung'aa, akakaa. Hakuna aliyemtukana. Lakini mwanaume wa namna yake hangoji kutukanwa. Inatosha aone mkewe anafungua fundo la kitenge na kutoa pesa ya chumvi mbele ya mama yake.

Kuku wenyewe walikuwa nyuma ya nyumba, katika banda la mbao lililosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Walikuwa majike wachanga, ndio kwanza wanaanza kutaga. Pascasie aliwalea tangu wakiwa vifaranga, katika katoni kando ya jiko la mbabula, akiamka kuongeza makaa kila baridi ilipozidi. Barabara zilipofungwa na mahindi yakapanda bei, alifanya walivyofanya wafugaji wote wa mtaa: akapunguza mahindi, akaongeza pumba za ngano. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kuku walikula kwa pupa na hawakunenepa. Kinyesi kikawa cha majimaji na cha kunata, na ndani yake uliona chakula kimetoka karibu kama kilivyoingia. Mayai ya kwanza yalikuwa madogo, mengine yana ganda laini linalobonyea ukilishika.

Aliyemfungua macho ni Gauthier, muuza dawa za mifugo mwenye kibanda karibu na kambi ya askari ya Katindo, kijana wa maneno mengi anayependa kueleza jambo hata kwa mteja aliyekwisha kulipa.

"Chakula yako haina mubaya, Mama," alimwambia. "Lakini ile son, ile pumba ya ngano, iko na nyuzi. Inafunga chakula ndani. Na hizi kuku ziko batoto bado, tumbo yabo haina nguvu ya kufungua. Sasa hii poda inaitwa enzime. Haiko dawa, haiko vitamini. Kazi yake ni kukata ile nyuzi, chakula ifunguke, kuku apate nguvu yake yote. Ata kitu ya kutengeneza mifupa na ganda ya yai inakuwaka imefungwa mu son. Hii inaifungua."

"Na batu bakikula yale mayai?"

"Yai ni yai, Mama. Usiogope. Kitu moja tu: maji ya moto, hapana. Jua, hapana. Ikipata moto imekufa, unabaki na vumbi. Uiweke fasi ya baridi. Na usitupe mu chakula ovyo. Kijiko kidogo, uchanganye kwanza na son kidogo mu sahani, kisha uweke mu chakula yote."

Shuleni wangeiita vimeng'enya. Pascasie aliiita poda, akaitia katika kopo tupu la maziwa. Ikabaki kutafuta mahali pa baridi. Bati la nyumba ya mbao likipigwa na jua ndani panakuwa tanuri, na jikoni ndiko kwenye moto. Chini ya kitanda chao, pale sakafu inapokutana na mwamba, palikuwa pa baridi mchana kutwa. Akaliweka hapo, nyuma ya viatu.

Na hakumwambia mtu. Kwanza Védaste alikuwa na mdomo siku hizo. Kila mfuko wa chakula ulipoingia alisema, "Kuku banakula muzuri kuliko batu." Halafu kulikuwa na wateja. Wanawake wa soko wakisikia neno poda tu, watasema ni mayai ya dawa, na hapo ndipo biashara inakufa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla nyumba haijaamka, Védaste naye bado amelala, Pascasie alifunga mlango wa chumba, akachota kijiko chake kidogo, akachanganya katika sahani, kisha akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Alidhani anajificha na macho ya majirani. Wangekuwa majirani, ingekuwa afadhali.

Kuku wakapona. Kinyesi kikakauka, vishungi vikawa vyekundu, ganda la yai likawa gumu. Pascasie akarudi kwa Gauthier kununua pakiti nyingine, akaijazia katika kopo, na kwa majuma kadhaa alikuwa mwanamke anayeimba akifua.

*

Halafu kuku wakaharibika tena. Pascasie aliona majimaji yale yale chini ya banda, na yai la ganda laini likampasukia mkononi. Akazidisha kijiko, haikusaidia. Akalifungua kopo, akanusa. Mwanzo poda ilikuwa na harufu kidogo ya donge la mkate linaloumuka. Sasa pua yake haikupata kitu, ila moshi wa jikoni ambao ulikuwa umemwingia hata kwenye nywele.

Akawaza. Pakiti ya kwanza ilifanya kazi, ya pili haifanyi. Aliyeuza zote mbili ni mmoja. Mtu akishaanza kushukiwa kwake mwenyewe, kama alivyokuwa yeye na zile ndizi za mumewe, hupata wepesi wa ajabu wa kumshuku mwingine. Alifika Katindo jasho linamtoka, akakuta kibanda kimejaa wateja, wengi wao wake wa askari.

"Gauthier, uliniuzia nini?"

"Karibu, Mama. Kuko nini?"

"Mara ya kwanza ulinipa ya kweli ili nikuamini. Ya pili ukachanganya na unga. Kuku yangu inaharisha tena, na miye niko nakula hasara juu yako."

Wateja wakageuka kumtazama. Mmoja aliyekuwa ameshika chupa ya dawa ya minyoo akairudisha taratibu mezani.

"Mama, nilitoa mu gunia moja," Gauthier akasema. "Ile ile. Leta kopo hapa tuiangalie pamoja. Miye nikiiona nitajua."

"Ili uibadilishe tena?"

"Mama Éphraïm, unaniharibia jina mbele ya batu."

"Jina gani? Mwizi njo iko na jina?"

Gauthier, yule wa maneno mengi, akaanza kuzipanga upya chupa zake mezani. Pascasie akatoka kichwa juu. Njiani hasira ilipompungua alikumbuka uso wa yule kijana, na kitu kikamwambia arudi alichukue kopo, wakaliangalie pamoja. Hakurudi. Alijiambia kuwa wezi wote wana nyuso hizo.

*

Jumapili baada ya ibada, Mukamugema alijikunja kwa maumivu ya tumbo hadi akabebwa kituo cha afya. Muuguzi alimpa vidonge, akamwambia asikae na njaa wala na mawazo mengi, akamruhusu arudi. Na kesho yake akaja Nzabonimpa, baba mdogo wa Védaste, mzee wa kanisa, amevaa koti la suti na Biblia kwapani. Pascasie alipomwona na koti lile siku ya kazi, alijua hakuja kusalimia tu.

Akafanya linalompasa mwanamke wa nyumba. Alileta maziwa ya kuganda katika kikombe kizuri, na kama ilivyo desturi katika nyumba za Masisi na kwao Rutshuru, akayaonja kwanza yeye mbele ya mgeni, ndipo akayatoa kwa mikono miwili. Nzabonimpa akayapokea, akashukuru, na akakiweka kikombe chini, kando ya mguu wa kiti. Kikakaa hapo. Hakuna tusi ambalo Pascasie aliwahi kutukanwa lililomwingia kama kikombe kile.

"Tuombe," mzee akasema.

Aliomba muda mrefu. Alipofika amina, Mukamugema akafunua kitenge chake, akatoa lile kopo la poda na kuliweka mezani kwa ncha za vidole.

"Mama Éphraïm," Nzabonimpa akasema, "hii ni nini?"

"Ni poda ya kuku, Papa. Inaitwa enzime. Inasaidia tumbo yabo."

"Kitu ya kuku inalalaka chini ya kitanda ya bwana?"

"Njo fasi ya baridi mu nyumba. Banasema isipate moto."

"Na ya kufunga mulango?"

Pascasie akaanza kueleza habari ya wateja, akaishia njiani. Ukweli wake, alipousikia mwenyewe, ulikuwa na sauti ya uongo.

"Nilikuona," Mukamugema akasema, bila kumtazama. "Nilikuona mu tundu ya ubao. Unachota, unachanganya, unanawa mikono sawa daktari. Nikamuonyesha mutoto yangu ile kopo. Tangu pale chakula yako sikuikula tena. Na ata vile, tumbo inaniwaka."

"Kuko neno batu banasema," mzee akaongeza, sauti chini. "Karuho."

Lilikuwa limetajwa. Hiyo ni sumu ambayo mji mzima haujawahi kuiona kwa macho, lakini kila ukoo una maiti ambaye unasema ndiyo iliyomwua. Mwanamke akishabandikwa neno hilo, hakuna sabuni ya kulitoa. Hata watoto wake hukatazwa kula kwa jirani.

"Miye siamini ile maneno," Védaste akasema. "Bibi yangu hawezi. Nilisha kubaambia."

Pascasie akamgeukia kwa shukrani iliyomtia machozi. Zile ndizi zote akazisamehe papo hapo.

"Bamuulize Gauthier wa Katindo," akasema. "Njo aliniuzia."

"Ule ulimuita mwizi mbele ya bibi za basoda?" Nzabonimpa akauliza. "Ile habari ilifika ata ku kanisa. Leo mwizi, kesho shahidi?" Akashusha pumzi. "Sikiliza, mutoto wangu. Hatukukuja kukuhukumu. Lakini utaenda kwenu Rutshuru, batoto babaki hapa, mpaka tuone kama mama mukwe wako anapona. Akipona weye ukiwa mbali, basi tutakuwa tumejua."

Mtu akienda kwao kwa namna hiyo harudi, na kila aliyekaa chumbani alilijua hilo. Pascasie aliwafikiria watoto wake waliokuwa shuleni saa ile, wasijue nani atawapokea mchana.

"Ao kuko njia ingine," mzee akasema. "Kwetu mwenye kuleta kitu anaonjaka kwanza. Ile maziwa umeionja. Onja na hii."

Pascasie nusura acheke. Kumbe ni hilo tu? Poda ambayo kuku wanaila kila siku, na mayai yao yanaliwa na watoto wake? Akalivuta kopo, akafungua, akachota kijiko kilichojaa.

Hapo Mukamugema, yeye aliyeleta kesi, akaruka na kumkamata mkono. "Acha, mutoto wangu. Acha. Uende kwenu tu. Usikule." Akamng'ang'ania. Nzabonimpa naye alikuwa amesimama, Biblia imemwangukia miguuni bila yeye kujua. Katika chumba kizima mtu mmoja tu ndiye hakujisogeza. Védaste alikuwa ameketi, mguu juu ya mguu, anaangalia kucha zake.

Pascasie akautoa ule mkono taratibu, akakitia kijiko mdomoni.

Ulikuwa muhogo. Si poda, si kitu cha Gauthier: unga wa muhogo, na tena wenye ladha ya moshi, muhogo ule Mukamugema anaoukausha juu ya moto wa jikoni kama walivyozoea kwao milimani, ambao wanausonga bugari kila siku ya Mungu. Ulimi wake haungeweza kuukosea. Ukamganda kwenye meno, na huku ukimganda akaelewa kuku, akaelewa harufu iliyopotea, akaelewa uso wa Gauthier. Mtu wa nyumba hii alilimwaga kopo na kulijaza upya. Mukamugema? Ndiye aliyeruka kumzuia asionje. Pascasie akamtazama mumewe. Védaste alikuwa na utulivu wa mtu anayeangalia mechi ambayo matokeo yake aliyasikia jana.

Angeweza kusema. Lakini aseme nini? Hii ni muhogo? Wangemwuliza, basi sumu yenyewe umeificha wapi. Alimeza. Kisha akakilamba kijiko, pande zote mbili, wakimwona.

Walingoja. Nzabonimpa alisoma zaburi ndefu, akasoma na nyingine, akimchungulia juu ya miwani kila mstari. Hakuna kilichotokea. Mwishowe akainama, akaokota kikombe chini ya kiti, akanywa maziwa yote bila kupumua.

"Shetani alitaka kutuvunja," akasema. "Mutusamehe, Mama Éphraïm."

Mukamugema akalia sana, akamshika mkaza mwana wake kifuani. Pascasie akakubali kushikwa, mikono yake ikiwa imening'inia tu.

*

Jioni alikwenda kuokota mayai. Védaste akamfuata hadi bandani, mchangamfu, amevua koti, anaongea kama hajaongea miezi. Alitaka amsaidie kubeba kapu. Alitaka kesho wazungumze juu ya kuongeza banda. Pascasie aliendelea kupapasa ndani ya viota, akitenga mayai yenye ganda laini upande wake.

"Uliimwanga wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Poda yangu."

Védaste akatazama nyuma kama kuna mtu. "Mu toilette," akasema.

"Siku gani?"

"Ile siku Mama alinionyesha kopo. Ninamujua Papa Nzabonimpa, Mama Éphraïm. Nilijua siku moja atakuonjesha, ni vile anafanyaka. Nikawaza, akionja ile kitu, atakufa mbele ya batoto. Basi nikaimwanga, nikatia muhogo." Akasogea, sauti ikalainika. "Sikutaka ufe."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Hakuwa anamdanganya wala kumdhihaki. Mwanaume huyu alimpenda mkewe kiasi cha kumwokoa asife kwa sumu yake mwenyewe, na kwa mapenzi hayo hayo akawa analala naye kitanda kimoja kila usiku akijua, kwa uhakika wake, kwamba amelala na muuaji. Sasa alikuwa amesimama pale akingoja kushukuriwa.

"Kesho asubuhi nitaenda ku Katindo," Pascasie akasema. "Nitamuomba Gauthier pardon mbele ya bale bale bamama. Nilimuita mwizi na hakuiba. Nitapiga magoti kama anataka. Ile kosa ni yangu." Akaweka yai katika kapu. "Na weye, Védaste? Weye unaniambia nini?"

"Miye nilikuokoa."

"Uliniokoa na nini?"

Védaste akafungua mdomo ajibu, na neno karuho likawa limekwisha kufika kwenye meno ndipo akalisikia. Akaufunga. Kuku walikuwa wanapanda kulala, wakisukumana juu ya fito, na mahali fulani mtaani jenereta lilianza kunguruma. Pascasie alisimama na kapu lake, akimtazama usoni, akimngojea alimalize, na hakumsaidia.